Ya Nguruwe au ya Mbolea

Mlioniacha wiki iliyopita nimesimama mvuani nje ya lango la bweni, begi mkononi, sasa mnaweza kuniingiza ndani. Nilipata nyumba.

Nilipata na babu, ingawa hakuwa babu yangu wa damu. Jina lake Mzee Liao, miaka themanini na moja, aliyeendesha treni za miwa hapa Tainan, Taiwan, tangu ujana wake mpaka treni zenyewe zikaachwa zishike kutu. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia. Mkewe alikwisha fariki. Chumba cha juu kilikuwa kitupu, akanipa, na siku ya pili akaniita mjukuu wangu.

Nilipata na dada. Warsini, mama wa miaka arobaini kutoka Ponorogo, Indonesia, ndiye aliyemtunza mzee. Alimwogesha, alimlisha, alimsukuma kwenye kiti chake mpaka hekaluni na kumrudisha. Mimi ni Mvietnam wa Sa Dec, yeye ni Mjava, kila mmoja na Kichina chake cha kuungaunga, na tulielewana kuliko ndugu wa tumbo moja.

Barua zenu nazisoma. Mnasema, maskini Mien, dunia imemwonea mtoto wa watu. Mwaka wa kwanza nimeibiwa, nimeugua, nimefukuzwa bwenini, na nyote mmelia nami. Leo msilie. Leo dunia haina kosa. Mwenye kosa ni mimi, na nimelificha miaka sita.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja niliyofundishwa siku ya kwanza. Mabaki ya chakula hayalali jikoni. Joto la Tainan mnalijua. Ganda la papai ukilisahau mezani mchana, jioni nzi wamekwisha kualikana. Kwa hiyo mabaki yote hutiwa mfukoni, mfuko huingia kwenye friza, na hukaa humo yameganda mpaka siku ya lori la taka. Mtaa mzima ulifanya hivyo.

"Droo ya juu chakula," Dada Warsini aliniambia. "Droo ya chini uchafu. Ukichanganya, iko siku utatupikia maganda."

"Na wewe ukichanganya?"

"Mimi miaka minne sijachanganya. Usinianze."

Kazi ya lori ikawa yangu. Lilipita saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, linapiga wimbo wake ule ule, na saa hiyo Dada Warsini yuko bafuni na mzee. Ukisikia wimbo unashuka mbio, maana lori halimngoji mtu. Majirani wote wako nje na kandambili zao, mifuko mkononi, wanateta. Nyuma ya lori pana mapipa mawili. Chakula kilichopikwa ni cha nguruwe. Maganda na majani ni ya mbolea. Ukikosea, mfanyakazi wa lori anakukaripia mbele ya watu na majirani wanacheka.

Siku niliyokosea kweli, hakuna aliyecheka wala kunikaripia.

Ilikuwa Alhamisi, siku nne kabla ya Sikukuu ya Siku ya Tano ya Mwezi wa Tano kwa kalenda ya Kichina. Nilikuwa nimetoka darasani na karatasi ya jaribio la somo la mikondo ya maji. Nilipata arobaini na moja kwa mia. Mwalimu aliniambia, "Mien, mtihani umebaki wiki mbili. Ukianguka huu, ufadhili unakwenda na wewe unakwenda." Nilipanda baiskeli nikilia, jasho na machozi vimechanganyika usoni.

Nilipofika tu, wimbo ukalia mtaani.

Nikafungua friza, nikavuta droo ya chini, nikatia ndooni kila kilichokuwamo. Kulikuwa na mifuko ya kawaida, maganda ya tikiti, mifupa ya kuku. Na kulikuwa na mfuko mmoja mweupe, mzito, umefungwa mafundo mawili. Ulipoanguka ndooni uligonga kama jiwe.

Kwenye lori ni lazima umwage mabaki, mfuko wa plastiki unatupwa kwingine. Nikauchana ule mfuko mweupe. Ndani mlikuwa na vifurushi viwili vya wali wa kunata, vile vya pembe pembe vinavyofungwa kwa majani ya mianzi wakati wa sikukuu. Hata kwetu Sa Dec tunavipika. Vilikuwa vimeota barafu nyeupe, majani yamekuwa kahawia. Kila kimoja kilizungushiwa kamba nyekundu, na kamba ilifungwa vizuri.

Hapo naomba mnisikilize. Niliona. Niliiona ile kamba nyekundu, na moyo ukaniuliza, Mien, ni uchafu gani huu uliofungwa kwa adabu hivi? Nikaujibu moyo wangu kwamba vimekaa droo ya uchafu, ni vya zamani, vimeharibika, na lori linaondoka.

"Binti," mfanyakazi akaniita. Alivitazama vile vifurushi, majani nje, wali ndani. "Hivi ni vya nguruwe au vya mbolea?"

"Vya nguruwe," nikasema.

Akavitupa. Nikasikia vimegonga chini ya pipa, kimoja baada ya kingine. Lori likaondoka na wimbo wake.

Nikapanda juu kusoma mikondo ya maji.

Jumapili, mkesha wa sikukuu, tulikuwa jikoni watu watatu. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, amenyolewa, amevaa shati jeupe. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona.

"Warsini," akasema, "nitolee mfuko wa Bibi. Vikae nje vilainike mpaka kesho."

Dada Warsini akavuta droo ya juu. Akatoa samaki. Akatoa samaki wengine. Akaingiza mkono mpaka nyuma.

"Mfuko gani huo?" nikauliza.

"Wa vifurushi," akasema bila kugeuka. "Bibi alivipika sikukuu ya mwisho. Wiki tatu baadaye akafa. Vilibaki vitano. Kila mwaka Babu anapika kimoja. Nusu anakula, nusu anaweka mbele ya picha ya Bibi. Vimebaki viwili."



"Hukuniambia," nikasema, na sauti yangu sikuijua.

"Haviguswi. Kitu kisichoguswa unamwambia mtu nini?" Kisha mkono wake ukafika mwisho wa droo.

Mzee akaomba asogezwe. Akatia mkono wake wa kushoto, ule mzima, ndani ya friza. Akapapasa droo ya juu, akapapasa ya chini, vidole vikawa vyekundu kwa baridi. Hakuuliza mtu. Alipapasa muda mrefu sana mpaka Dada Warsini akamshika mkono na kuukausha kwa kanga aliyojifunga.

"Labda nilikwisha kuvila," mzee akasema. "Labda nimesahau. Watu wa umri wangu wanasahau."

Ningesema pale pale, hadithi hii ingekuwa fupi. Niliufungua mdomo. Wakati huo huo mlango wa mbele ukafunguliwa, akaingia Anti Hsiu-chin, binti wa mzee, ametoka Kaohsiung kwa treni ya asubuhi na mifuko ya matunda. Mdomo wangu ukafungwa.

Anti si mtu mbaya, msinielewe vibaya. Ni karani wa shule, mwanamke wa miaka hamsini na tano anayempenda baba yake na kumtembelea mara moja kwa wiki, na anaumia kwamba ni mara moja tu. Mtu wa namna hiyo anatafuta wa kumlaumu kabla hajavua viatu.

Alisikia habari. Akamtazama Dada Warsini kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka miguuni.

"Vina nyama ya nguruwe ndani," akasema.

"Najua, Bi Hsiu-chin."

"Wewe nguruwe hutaki hata kumgusa. Unavaa glavu kumpikia baba. Nakuona."

"Navaa glavu, na napika."

"Miaka minne kitu hiki kimekaa ndani ya friza, karibu na chakula chako. Umevumilia, umevumilia, umechoka, umetupa."

Dada Warsini hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Aliikunja ile kanga, akaiweka juu ya meza.

"Bi Hsiu-chin, miaka minne namkatia baba yako nguruwe vipande vidogo vidogo asipaliwe. Dini yangu inanikataza kula, hainikatazi kumlisha mgonjwa. Kama ningetaka kutupa, ningetupa wa leo. Nisingetupa wa marehemu."

"Basi katupa nani? Wamefufuka wakaondoka wenyewe?"

 Dada Warsini akanigeukia. Hakunikazia macho. Alinitazama tu, kisha akatazama ile ndoo ya taka chini ya sinki, kisha akanitazama tena, na nikajua amejua.

Anti naye akageuka. "Mien, wewe ndiye unayeshusha taka. Uliona kitu?"

Wasomaji wangu, jibu lilikuwapo, tena jibu zuri. Jumatano Anti mwenyewe alileta samaki wa mwatiko, mfuko mzima, akawapanga kwenye droo ya juu huku anaongea na simu. Droo ilijaa. Ni nani aliyeshusha ule mfuko mweupe kwenye droo ya uchafu? Mimi niliwaona samaki siku ile ile. Ningeweza kusema, Anti, ulivihamisha wewe, nikavitupa mimi, tumekosa sote wawili.

Lakini kulisema hilo ni kusema nimevitupa mimi. Nikaona begi langu tena mvuani. Nikaona arobaini na moja kwa mia. Nikaona mama yangu Sa Dec anawaambia wateja wa maua kwamba binti yake ni mhandisi. Na zaidi ya yote nikauona ule mkono wa kushoto wa mzee, mwekundu kwa baridi.

"Sikuona kitu, Anti," nikasema.

Dada Warsini akainama, akaanza kuwarudisha samaki kwenye droo.

Anti akatoka barazani na kumpigia wakala aliyemleta Dada Warsini nchini. Dirisha lilikuwa wazi, tulisikia kila neno. Hataki mtu asiye mwaminifu. Aondolewe. Kesho sikukuu, basi Jumanne asubuhi.

"Hsiu-chin," mzee akaita. "Mwache."

"Baba, wewe una huruma sana, ndiyo maana wanakuchezea."

Mkataba wa Dada Warsini ulikuwa umebakiza miezi minane. Binti yake Retno alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo cha uuguzi, na ada yote ilitoka kwenye mikono ile iliyokuwa inapanga samaki. Akirudishwa na neno la wizi au uharibifu, nani angemwajiri tena?

Mchana ule, Anti alipolala na mzee alipolala, Dada Warsini akanikuta nimekaa sakafuni jikoni.

"Ulivimwaga Alhamisi," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Vilikuwa droo ya chini?"

"Ya chini, Dada. Naapa. Anti alileta samaki..."

"Najua alileta samaki. Niliwapaa magamba mimi." Akakaa mbele yangu, akakunja miguu. "Uliviweka wapi?"

"Pipa la nguruwe."

Akafumba macho. Nilidhani atanizaba kofi, na ningefurahi. Badala yake akalia. Miaka mitatu alimwona mzee akila nusu na kubakiza nusu. Alilia bila sauti, bega linatikisika, na mimi nikalia naye, na haikutusaidia kitu.

"Dada, niseme?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nikisema nafukuzwa."

"Usiposema nafukuzwa mimi." Akajipangusa uso kwa kitambaa chake. "Sikiliza, mdogo wangu. Mimi sitakutaja. Nikikutaja, Hsiu-chin atasema namsingizia mtoto wa shule, na wewe umekwisha kusema hukuona. Uongo wako umenitangulia. Sasa usiniombe ushauri. Mpaka Jumanne asubuhi bado una mdomo."

Akainuka akaenda kumgeuza mzee ubavu.

Mwanamke aliyejaa imani angekwenda moja kwa moja chumbani kwa mzee. Mimi nilikwenda sokoni.

Mkesha wa sikukuu soko lote linanuka majani ya mianzi. Vifurushi vimening'inizwa mafungu mafungu kama vitunguu. Nikamwendea mama mmoja mnene mwenye sufuria kubwa.

"Nataka viwili vya mtindo wa kusini, vya kuchemsha. Kamba nyekundu."

"Mie nafungia nyeupe."

"Nataka nyekundu, Mama."

"Wewe unataka kula wali au unataka kula kamba?" Wenziwe wakacheka. "Nyekundu nenda duka la uzi, ufunge mwenyewe."

Nikaenda duka la uzi. Nikarudi chumbani kwangu, nikafungua kamba nyeupe, nikazungusha nyekundu. Bibi yangu alinifundisha kufunga nikiwa na miaka sita, na vidole havisahau. Nikachovya majani kwenye chai nzito yakageuka kahawia. Nikaviweka kwenye mfuko mweupe, mafundo mawili. Jioni ile, wakati wote wanatazama televisheni, nikavisukuma nyuma kabisa ya friza, pale barafu ilipojijenga ukutani, nikavimwagia maji vigande.

Nikajiambia kwamba namwokoa Dada Warsini. Nilikuwa najiokoa mimi, lakini uongo wa pili una tabia ya kuvaa nguo nzuri kuliko wa kwanza.

Jumatatu asubuhi nikajifanya nakwangua barafu.

"Anti," nikaita. "Anti, njoo utazame."

Alikuja na mswaki mdomoni. Akaona pembe ya mfuko mweupe imegandana na ukuta wa friza. Akauvuta kwa mikono yote miwili mpaka ukang'oka.

"Hapa nilitazama jana."

"Barafu ilikuwa imeufunika, Anti."

Akaufungua. Akaona nyekundu. Akaupeleka mbio kwa baba yake, analia na povu la mswaki kidevuni, na hapo nilimpenda na nilijichukia kwa wakati mmoja.

Dada Warsini alikuwa amesimama kwenye jiko. Aliutazama mfuko, akanitazama mimi, akatazama vidole vyangu. Uzi mwekundu hutoa rangi, na ncha za vidole vyangu zilikuwa za pinki.  Akatia maji kwenye sufuria na kuwasha moto.

Vilichukua saa nzima. Meza ilitandikwa chini ya picha ya Bibi. Ni mwanamke mwenye uso mpana, amekunja midomo kama anayezuia kicheko. Udi ukawashwa. Kifurushi kimoja kikawekwa kwenye sahani mbele ya mzee, kinafuka moshi.

Hakukifungua mara moja. Alilaza mkono wake wa kushoto juu yake. Kisha kidole gumba kikaanza kuifuata kamba, polepole, kutoka pembe moja mpaka nyingine, mpaka kikafika kwenye fundo. Pale kikasimama.

Nilisimama nyuma ya Anti. 

Mzee akavuta. Fundo likafunguka. Akachota wali kwa kijiko, akautia mdomoni, akatafuna. Alitafuna muda mrefu, macho kwenye picha.

"Ndivyo?" Anti akauliza.

Mzee akameza.

"Ndivyo," akasema. "Ni mkono wa mama yako."

Anti akapiga magoti na kuweka kichwa kwenye mapaja ya baba yake. Alipoinuka akamgeukia Dada Warsini. Kuomba radhi hakukuwa mazoea yake, na maneno yalimtoka kwa shida, lakini yalitoka. "Warsini, nilikukosea. Nampigia wakala sasa hivi."

"Asante, Bi Hsiu-chin."

Anti akatoka barazani na simu. Tukamsikia anasema hapana, hapana, vimeonekana, abaki, yalikuwa makosa yetu.

 Nilitaka kucheka. Niliona Retno amevaa sare nyeupe, niliona mama yangu, niliona mtihani. Nikasema kimoyomoyo, yamekwisha.

"Warsini," mzee akasema, "nitengenezee chai. Mien, wewe baki."

Dada Warsini akaenda jikoni. Tukabaki wawili, na Bibi ukutani.

Mzee alikuwa ameishika ile kamba nyekundu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Akanipa ishara nikae. Nikakaa kwenye kigoda miguuni pake, mahali nilipozoea kukaa kila jioni kumsomea gazeti.

"Vidole vya Bibi vilikuwa vibovu," akasema. "Baridi yabisi, miaka ishirini. Majani alikunja, wali alishindilia. Kamba hakuweza. Kamba nilifunga mimi."

Nikavificha vidole vyangu ndani ya ngumi.

"Nilifunga fundo la kufungia miwa kwenye behewa. Halifunguki kwa kuvutwa. Kila mwaka Warsini analikata kwa mkasi." Akaiweka kamba kiganjani mwangu. "Hili nimelivuta kidogo tu, likafunguka. Hili ni fundo la kwenu."

"Babu," nikasema. "Babu, nisamehe."

"Ngoja kwanza. Hsiu-chin hupanga samaki bila kutazama, namjua mwanangu tangu tumboni. Najua jinsi vilivyofika droo ya chini. Najua nani anashuka na ndoo. Jana nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikungoja wewe."

Nikaweka paji la uso kwenye goti lake. Nililia mpaka suruali yake ikalowa. Mkono wake ukanigusa kichwani, nao ulikuwa mzito na wa moto, na nadhani sijawahi kuguswa kwa upole namna ile tangu nilipoondoka kwetu. Ndiyo maana iliuma.

"Nimesema uongo mbele ya picha ya mke wangu," akasema, "ili mwanamke asiye na kosa asifukuzwe. Huo ni mzigo wangu, nitaubeba. Wewe sikufukuzi. Chumba ni chako, soma, fanya mtihani wako. Nataka kitu kimoja tu."

"Chochote, Babu."

"Ukweli mmoja. Jana sikulala, nilikuwa najiuliza hilo tu." Akaitazama picha ya Bibi. "Lile lori lina mapipa mawili. Mbolea wanaigawa bure, hekalu letu linachukua, wanatia kwenye yale maua ya lango la mashariki. Bibi aliyapenda. Kama vilikwenda huko, Warsini atanisukuma, nitakaa pale karibu nayo, nitaridhika. Hakuwahi kutupa punje ya wali maisha yake yote. Akiwa kwenye maua, nitaridhika."

Akaniinua kidevu kwa kidole kimoja.

"Niambie, mjukuu wangu. Ulisema ya nguruwe au ya mbolea?"

Lilikuwa neno moja tu. Mfanyakazi wa lori hanijui jina. Mapipa yamekwisha kuoshwa. Neno moja, na mzee angepata mahali pa kukaa na mkewe kila jioni mpaka siku zake ziishe. Na lingekuwa uongo wangu wa tatu, nimemwambia mtu aliyeniomba ukweli mmoja.

Nikafungua mdomo.

Mlangoni, Dada Warsini alikuwa amesimama na birika la chai mkononi. Alikuwa amesikia swali. Katika nyumba ile, zaidi yangu, yeye peke yake alijua jibu. Hakusogea, wala hakutikisa kichwa. Alinikazia macho tu, anangoja kusikia nitasema lipi.